Kumpenda Mnyama ni Kumtunza, Wala si Kumdekeza

Miji mingi ya Kenya ina mtaa uitwao Majengo. Nairobi uko, Mombasa uko, na katika nchi ya mashariki ya Mlima Kenya, Meru unao na Embu unao. Mitaa ya namna hii ilianza zamani za ukoloni. Serikali ilifungua kituo chake Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na baadaye askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi, wengi wao Waislamu, walijipatia viwanja karibu na mji wakajenga. Nyumba zilikaribiana, ukuta kwa ukuta, na uani mwa huyu pakawa mlangoni mwa yule. Ndivyo zilivyo nyingi hata leo.

Mahali kama hapo mnyama wa mtu mmoja ni jirani wa watu kumi. Mkulima wa kahawa aishiye peke yake mlimani aweza kufuga mbwa wake apendavyo, na makosa yake yakamrudia yeye mwenyewe. Lakini mbwa wa Majengo hupita penye watoto wa watu wengine, na paka wa Majengo hulala leo jikoni mwa Fatuma na kesho darini kwa Mwangi. Kwa hiyo shauri la kufuga wanyama wa nyumbani halimhusu mwenye mnyama tu. Ni shauri la mtaa mzima.

Watu wa siku hizi huwapenda sana wanyama wao. Wako wanaowapa majina mazuri, wanaowapiga picha, wanaowanunulia chakula cha mifuko katika maduka makubwa, na hata kuwalaza kitandani. Hayo si mabaya. Lakini yapasa kuuliza kama upendo huo humletea mnyama afya, au humfurahisha mwenye mnyama peke yake. Kudekeza ni jambo moja, na kutunza ni jambo lingine. Wako wanyama wengi waliodekezwa sana wakafa kwa kukosa kutunzwa.

PAKA NDANI, MBWA NJE

Katika Majengo desturi za dini zina sehemu yake katika jambo hili. Waislamu hawamhesabu paka kuwa najisi. Huingia nyumbani na kutoka apendavyo, na hata maji aliyoyanywa yaweza kutumiwa kwa udhu. Mbwa ni mbali kidogo. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika Afrika ya Mashariki, huhesabu mate yake kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa sababu hiyo mbwa wa Mwislamu hukaa nje, naye hufugwa kwa ulinzi au kwa uwindaji. Jirani yake Mkristo huenda akamruhusu mbwa wake kuingia hata sebuleni.

Wengine huitumia tofauti hiyo kama ruhusa ya kumtesa mbwa kwa mawe na maji ya moto. Hilo si fundisho la dini. Katika Hadithi za Mtume Muhammad imesimuliwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu kando ya kisima, akashuka akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Imesimuliwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie mwenyewe. Basi katika masimulizi hayo mawili, jambo lililotazamwa ni kama mnyama alipewa haki yake ya kula na kunywa. Aina ya mnyama haikutazamwa.

CHAKULA KIWAFAACHO

Kosa la kwanza la wapenda wanyama ni kufikiri kwamba kila kitu kitamu kwa mtu ni kizuri kwa mnyama. Paka ni mnyama alaye nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha baadhi ya vitu vipatikanavyo katika nyama na samaki tu, na akivikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka au kudhoofika moyo. Kwa hiyo paka anayepewa ugali mtupu kila siku, hata ukiwa na mchuzi, ana njaa ingawa tumbo limejaa. Dagaa kidogo, utumbo uliochemshwa au mabaki ya nyama humfaa zaidi. Tena wengi husadiki kwamba maziwa ni chakula bora cha paka. Maziwa ya ng'ombe humharisha paka mkubwa mara nyingi, maana tumbo lake limekwisha kuacha kazi ya kuyasaga. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Mbwa aweza kula vyakula vya namna nyingi, ugali ukiwamo, mradi apate na nyama, samaki au maharagwe yaliyopikwa vizuri. Lakini asipewe chokoleti, wala vitunguu, wala zabibu, kwa kuwa vitu hivyo ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo ni hatari, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali viwezavyo kumchoma koo na matumbo. Na mwenye kuchinja mbuzi au kondoo nyumbani asimtupie mbwa maini na mapafu mabichi. Katika viungo hivyo huenda mna vifuko vyenye watoto wa tegu mdogo ambaye hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hutoka na mavi, yakashika mikono ya watoto, yakaingia vinywani. Ndani ya mwili wa mtu huota vifuko vya maji kwenye ini au mapafu, na mgonjwa huenda akahitaji kupasuliwa. Ugonjwa huo umewasumbua sana watu wa Turkana, lakini hauchagui kabila. Kuchemsha vizuri matumbo na maini kabla ya kumpa mbwa ni kinga isiyogharimu ila kuni.

DAWA ZA KUBAHATISHA

Kosa la pili ni kumtibu mnyama kwa kubahatisha. Karani aonaye paka wake amejikunyata kwa homa humhurumia, akampa kidonge cha kutuliza maumivu alichokinunua kwa ajili yake mwenyewe. Dawa iitwayo parasetamoli, ambayo mtu huimeza bila wasiwasi, huua paka. Kidonge kimoja tu chatosha. Damu yake hushindwa kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi, uso huvimba, naye hufa.

Mkulima naye ana kosa lake. Huona viroboto juu ya paka au kupe juu ya mbwa, akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akamrowesha. Dawa ile imepimwa kwa mnyama mwenye uzito wa kilo mia kadhaa na ngozi nene. Paka hajafika hata kilo 5, tena hujiramba mwili mzima, akaimeza. Baadhi ya dawa hizo za mifugo na za bustani humfanya paka atetemeke na kukakamaa hata kufa. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa mbwa, na nyingine kwa paka, na hata za mbwa nyingine hazimfai paka. Afadhali kumwuliza daktari wa mifugo swali moja kuliko kuchimba kaburi uani.

Wala isifikiriwe kwamba kupe ni jambo dogo. Nchi ya Meru yenyewe ina kaburi mashuhuri la mnyama aliyependwa kuliko wote waliopata kufugwa Kenya, naye aliuawa na ugonjwa uletwao na kupe.

HABARI YA ELSA

Mwaka 1956, George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyama wa porini na makao yake Isiolo, alimwua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba simba yule alikuwa na watoto watatu. Aliwachukua nyumbani kwa mkewe, Joy. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote alibaki, akaitwa Elsa. Alinyweshwa maziwa kwa chupa, akasafiri ndani ya motokaa, akalala karibu na watu kama paka wa nyumbani.

Bwana na Bibi Adamson walimpenda, lakini waliona kwamba kumdekeza daima ni kumharibu. Simba mzima hawezi kuishi maisha yake yote kwa kulishwa mkononi. Hivyo walifanya kazi ngumu ya kumfundisha kuwinda na kujitegemea, wakamwachilia katika pori la Meru, karibu na mto Ura. Elsa alizaa watoto watatu huko, na bado alikuwa akija kuwaamkia watu waliomlea. Kitabu kilichoandikwa na Joy Adamson juu yake kilitoka mwaka 1960 kikasomwa duniani kote, na sinema yake ikafuata mwaka 1966.

Mnamo Januari 1961 Elsa alishikwa na homa, akafa angali kijana, hajatimiza miaka 5. Alipochunguzwa, damu yake ilionekana kuwa na vijidudu viitwavyo babesia, ambavyo huenezwa na kupe. Vijidudu vya ukoo huo huo huua mbwa wengi. Mbwa aliyeshikwa huacha kula, hupata homa, ufizi wake huwa mweupe, na mara nyingine mkojo wake huwa mwekundu au wa rangi ya chai. Akiwahiwa siku za kwanza hutibika. Akicheleweshwa kwa kungojea mwisho wa mwezi, hafiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dakika chache za jioni za kumpapasa mbwa masikioni, shingoni na katikati ya vidole, na kuwatoa kupe, zina faida kuliko mkate uliopakwa siagi.

UGONJWA USIOSAMEHE

Magonjwa yaliyotajwa mengi humdhuru mnyama. Uko mmoja ambao humwua mnyama na mtu pamoja, nao ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa upande wa Nairobi. Kwa miaka mingi umekuwa ukisumbua sana nchi za Machakos, Makueni na Kitui, na Embu imepakana na Machakos na Kitui. Ukaribu huo hauwapi watu wa Embu wala wa Meru nafasi ya kulala.

Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 walipata ugonjwa kwa mbwa. Na katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Sababu yake ni wazi. Mtoto humkumbatia mbwa, humvuta mkia, humnyang'anya mfupa, na akiumwa huogopa kusema asije akapigwa.

Mdudu wa ugonjwa huu huingia kwa mate kupitia jeraha au mkwaruzo, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole hata kufika kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Wakati huo wote mgonjwa hajisikii vibaya. Dalili zikisha kuonekana, akaanza kuogopa maji na kupotewa na akili, hakuna dawa. Karibu kila mtu aliyefika hapo amekufa.

Lakini kabla ya dalili kinga iko, na habari yake ni ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885, mvulana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, aliletwa Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur. Alichomwa sindano za chanjo siku baada ya siku, akapona. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Aliyeumwa afanye hivi. Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Lisipakwe pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani. Pili, aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo, akaanzishiwe chanjo. Tatu, azimalize sindano zote kwa siku alizopangiwa, maana anayeacha katikati kwa kujiona mzima anacheza na roho yake. Nne, mbwa aliyeuma asiuawe upesi na kutupwa, ikiwa aweza kufungiwa salama. Daktari wa mifugo apewe habari, na mbwa aangaliwe siku 10. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa katika mate yake wakati wa kuuma ataonyesha dalili au atakufa katika siku hizo. Hata hivyo, kuangaliwa kwa mbwa kusimcheleweshe mtu kwenda hospitali.

Watu wengi humjua mbwa mwenye kichaa kwa ukali wake tu, nao hudanganyika. Mbwa mwingine mgonjwa huwa mpole kupita kiasi, hujificha gizani, taya lake hulegea, mate humtoka, na mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa. Humtia mkono kinywani ili kumsaidia. Huruma ya namna hiyo, bila maarifa, imewaangamiza watu.

MBWA 70 KATIKA 100

Njia ya kuukomesha ugonjwa huu ni kuwachanja mbwa wenyewe. Mtoto wa mbwa huchanjwa afikishapo miezi 3, na baadaye chanjo hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wamegundua kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa katika mji, na kazi hiyo ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa wa kumshika na huzimika wenyewe. Mpango ambao Serikali ya Kenya iliutoa mwaka 2014 uliweka shabaha hiyo, ili vifo vya watu vikomeshwe ifikapo mwaka 2030. Mpango huo ulikadiria kwamba watu 2,000 hivi walikuwa wakifa Kenya kila mwaka. Katika Laikipia, jirani ya Meru, kampeni ya kuwachanja mbwa ilianza mwaka 2015.

Hapo ndipo ujirani wa Majengo unapokuwa na maana. Mtu mmoja akimchanja mbwa wake, amelinda nyumba yake kwa sehemu. Nyumba 10 katika mstari zikikubaliana kuwapeleka mbwa wao siku moja, mtoto apitaye hapo kwenda madrasa au shuleni hupita salama. Paka pia waweza kuumwa na mbwa mgonjwa na kumwambukiza mtu, kwa hiyo naye apelekwe.

WATOTO WASIOTAKIWA

Liko jambo jingine ambalo wengi huona haya kulitaja. Mbwa jike huchukua mimba siku 63 hivi, na paka karibu hivyo hivyo, naye paka aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka mmoja. Mwenye paka mmoja jike asiyejali atajikuta na paka wengi kuliko sahani zake. Kisha hufanya nini? Huwatia watoto katika gunia, akawatupa sokoni usiku au kando ya mto. Wanaosalia hugeuka paka shume na mbwa koko, ambao hakuna anayewachanja wala kuwalisha, na mbwa koko wa leo ndiye amwumaye mtoto kesho.

Daktari wa mifugo aweza kumhasi dume na kumfunga uzazi jike, tangu wapatapo miezi 6. Watu husema kwamba kufanya hivyo ni kumkosea mnyama. Lakini kumfunga uzazi mara moja na kuwaua watoto wake kila mwaka, lipi ni kosa kubwa zaidi?

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilitungwa Kenya mwaka 1962, nayo humfanya kuwa mkosaji mtu anayempiga mnyama kikatili, anayemnyima chakula na maji, au anayemtupa bila sababu ya haki. Na Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kuwaangalia wanyama na ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kwa hiyo mwananchi wa Meru au Embu anayetaka chanjo iletwe mtaani kwake ana mahali pa kupeleka shauri lake, na viongozi wa mtaa wana haki ya kuuliza siku itakuwa lini.

HAYA YATOSHA

Hakuna katika mambo haya linalohitaji utajiri. Mnyama ahitaji chakula kimfaacho na maji safi kila siku. Ahitaji mahali pakavu pa kulala, pasipo mvua wala jua kali. Mbwa afunguliwe apate kutembea, kwa kuwa mbwa afungwaye mnyororo mfupi mchana na usiku huwa mkali kwa watoto wa nyumbani mwake mwenyewe. Apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, akaguliwe kupe kila jioni, achanjwe kila mwaka, na cheti chake kihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Watoto nao wafundishwe kutomsumbua mnyama alaye, alalaye au anyonyeshaye, na kusema mara moja wanapoumwa au kukwaruzwa, bila hofu ya fimbo.

Asiyeweza kufanya hayo kwa mbwa watatu, afuge mmoja. Asiyeweza kwa mmoja, asifuge, na hakuna atakayemlaumu. Waswahili husema, mchagua jembe si mkulima. Na vivyo hivyo, mchagua jina zuri la mbwa siye mfugaji. Mfugaji ni yule ambaye mbwa wake ana maji bakulini, hana kupe masikioni, na cheti chake cha chanjo hakijapita mwaka.